Binti Yetu na Mlezi wa Montréal

Tangu AVEC yetu itoe mkopo kwa ajili ya kinasa sauti, maswali hayajakoma: sokoni Kadutu, mlangoni mwa kanisa, hata pale tunapongojea maji kwenye bomba. Wengine wanauliza kwa wema, wengine kwa kucheka. Ni kweli mmetoa pesa za sanduku ili mtoto akarekodi kelele? Ni kweli. Na kwa kuwa tumesikia katika vikundi vingine wako wamama wenye watoto wa namna hiyo, tumeona heri kuandika namna mambo yalivyokwenda, hasa upande wa mlezi, kwa maana hapo ndipo tulipohangaika sana.

Binti ni wa katibu wetu. Ana miaka 20, anasoma uuguzi, mwaka wa pili. Kanisani anapiga kinanda tangu akiwa mdogo. Mchana ni wa sindano na vipimo vya damu. Usiku, umeme ukiwepo, anakaa na kompyuta ya mjomba wake na kutengeneza sauti za michezo ya video, ile ambayo vijana wetu wanacheza kwenye simu na kwenye PlayStation za mtaani. Mwanzoni sisi tulifikiri ni muziki tu. Kumbe muziki ni sehemu ndogo.

Alitueleza hivi. Katika filamu, mlango ukifungwa, umefungwa mara moja, na sauti yake iko mahali pake siku zote. Katika mchezo wa video, anayecheza ndiye mwenye kuamua. Anaweza kukaa mbele ya ule mlango na kuufungua mara 40. Anaweza kutembea juu ya mawe, kisha matopeni, kisha kurudi. Kwa hiyo mtu wa sauti hatengenezi hatua moja. Anatengeneza hatua nyingi za mawe, nyingi za matope, nyingi za mbao, na anaipangia kompyuta namna ya kuzichanganya. Tulielewa aliposema: sikilizeni mama anayetwanga sombe. Mapigo mawili hayafanani hata kidogo. Rekodi pigo moja, ulirudie mara mia, na mtoto mdogo atakuambia hiyo ni mashini.

Tuliuliza kama kazi hiyo inafanywa na wanawake. Akatuambia habari za Yoko Shimomura wa Japani. Huyo alimaliza masomo ya piano Osaka mwaka 1988, wazazi wake walikuwa wamelipa shule ya bei kali ili awe mwalimu wa piano, naye akaenda kufanya muziki wa michezo kwenye kampuni ya Capcom. Wazazi hawakufurahi hata kidogo, walimu wake pia. Miaka 3 baadaye ulitoka mchezo wa Street Fighter II, na sehemu kubwa ya muziki wake ni kazi yake. Vijana wengi wa mitaa yetu walikua na mchezo huo. Mwaka 2025 BAFTA ya Uingereza ilimpa heshima yake kubwa kuliko zote. Katibu wetu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mimi nawahurumia wale wazazi." Tulicheka, lakini yeye hakucheka.

Sasa, kwa nini mlezi? Mtoto akitaka kushona, tunampeleka kwa fundi wa mashini, anakaa kando yake, anatazama mikono. Fundi wa sauti za michezo si jirani. Vitabu na video za masomo ziko nyingi kwenye intaneti, na programu za kuanzia hazina bei ya kutisha. Reaper unaijaribu siku 60 kabla ya kulipa, na leseni yake ya mtu mdogo ni dola 60. FMOD na Wwise, zile zinazounganisha sauti na mchezo wenyewe, unaweza kujifunza nazo bila kulipa. Lakini video haikusikilizi. Inasema, wewe unanyamaza. Binti alikuwa amefika mahali ambapo anasikia kazi yake si nzuri na hajui kwa nini si nzuri.

Na kuna jambo la pili, ambalo sisi wamama tulilielewa upesi kuliko yeye. Kazi nyingi zinapita kwa watu wanaojuana. Mnajua kuna wimbo unaoitwa Baba Yetu? Ni ile sala tunayosali kila siku, kwa Kiswahili, iliyotiwa muziki na Mmarekani, Christopher Tin, kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na kabla ya hapo hakuna wimbo uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video uliowahi kuipata. Na alipataje kazi hiyo? Mkuu wa kubuni mchezo, Soren Johnson, walikuwa wamekaa naye chumba kimoja chuoni Stanford. Mtu ana kipaji, hatukatai. Lakini tulijiuliza: watoto wetu, wenye Kiswahili hicho mdomoni tangu kuzaliwa, wamekaa chumba kimoja na nani?

Basi binti akaanza kuandika barua. Aliandika kwa watu 11, barua ndefu, zikieleza maisha yake yote, vita, umeme, kifo cha baba yake, na mwisho: nakuomba uwe mlezi wangu. Hakuna aliyejibu, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alijibu siku ileile. Alisema atamfundisha, kwanza atume dola 150, na masomo yatakuwa usiku sana, kwa video, yeye peke yake, "bila watu wa nyumbani kusumbua". Binti alifurahi mno. Katibu alileta habari kwenye kikao chetu, na mama wa sanduku akauliza maswali 3 tu, tukayatuma. Jina lako limeandikwa kwenye mchezo gani? Maana kila mchezo mkubwa una orodha ya waliofanya kazi, kama filamu. Mama yake anaweza kukaa chumbani wakati wa somo? Risiti ya pesa itatoka kwa nani? Mtu yule alijibu la kwanza kwa jina la mchezo mmoja. Tulitafuta orodha yake, jina lake halikuwemo. Mengine mawili hakuyajibu, na hatukumsikia tena. Binti alilia siku mbili na kutuambia tumemfungia mlango. Wamama, mtoto na alie.

Barua iliyofungua njia ilikuwa ya mistari 5. Binti mwingine wa kanisa, anayesoma kompyuta, ndiye aliyempa shauri: usiombe ulezi, omba jibu la swali moja. Alichukua kipande cha mchezo, dakika 1, akakifuta sauti yote, akatia za kwake: hatua, ndege, upepo, mlango wa mbao. Akamwandikia mwanamke mmoja anayefanya kazi ya sauti Montréal. Alichagua Montréal kwa sababu wanasema Kifaransa, na kwa sababu mji ule umejaa kazi hiyo: Ubisoft wana studio pale tangu mwaka 1997, na kampuni inayotengeneza Wwise ni ya palepale. Swali lilikuwa hili: hatua za mtu wangu juu ya mbao zinasikika kama ziko mbele ya vitu vyote, nipunguze sauti, au nibadilishe rekodi yenyewe?

Jibu lilikuja baada ya siku 9. Badilisha rekodi, umeweka kinasa karibu mno na viatu. Kisha mstari wa mwisho: na hao ndege, uliwatoa wapi? Hao ni ndege wa msitu wa Ulaya, na miti yako ni ya nchi ya joto.

Hakuomba kitu kingine. Alirekebisha hatua, akaondoa ndege, akatuma tena baada ya juma 1 na neno la aksanti. Akapata mistari mingine. Mara ya tatu, yule mwanamke mwenyewe akasema: tuzungumze nusu saa, Alhamisi moja ndiyo, moja hapana, kwa miezi 6, kisha tutaona. Kwa hiyo ulezi ulikuja bila mtu kulitamka neno lenyewe.

Siku ya kwanza katibu alikaa mbele ya kompyuta pamoja na binti yake. Saa 2 ya usiku kwetu, saa 8 ya mchana kule. Mwanamke yule aliwasalimia wote wawili, akasema mambo yake wazi: sitakutafutia kazi, sitakukopesha pesa, sitakudanganya kuhusu kazi yako, na usipofanya nilichokuagiza tutaahirisha. Sisi tulipendezwa. Katika AVEC mkopo usio na tarehe ya mwisho ndio unaovunja urafiki. Alitaka pia binti amwite kwa jina lake tu. Binti akashindwa kabisa, mtu mwenye umri wa shangazi yake! Walipatana kwenye "Yaya". Mpaka leo anaitwa hivyo, hata na sisi.

Kazi ya kwanza aliyopewa iligeuka ugomvi nyumbani. Kila siku dakika 10, bila simu, akae mahali pamoja na kuandika kila sauti anayoisikia: ipi iko karibu, ipi mbali, ipi inaanza kabla nyingine haijaisha. Fikirini mama anarudi sokoni, vyombo havijaoshwa, na binti amekaa uani na daftari, macho yamefungwa. Kulikuwa na maneno. Lakini kile kidaftari tumekisoma, na kuna ukurasa wa mvua ambao ulitunyamazisha. Mvua juu ya mabati mapya, mvua juu ya mabati yenye kutu, mvua inayoanzia mlimani na kushuka nyumba baada ya nyumba. Tumeishi na mvua hiyo miaka yote.

Kisha likaja suala la kinasa sauti. Simu inabana sauti na kujaza upepo, Yaya alisema hivyo bila kuficha, lakini hakusema nunua. Bei ilikuwa dola 110. Kikaoni tulibishana saa nzima. Mama mmoja alisema, na hakukosea, kwamba sanduku linakopesha unga, sambaza, nguo, vitu vinavyorudi na faida. Sauti inarudi na nini? Mama wa sanduku ndiye aliyepata njia: kwaya za mtaa wanatafuta mtu wa kuwarekodi, harusi pia. Binti akubali kufanya hizo siku za Jumamosi, alipe kwa miezi 6, riba ileile ya wote. Akakubali. Mpaka wiki hii amelipa miezi 4, na hajachelewa. Tunaliandika hilo kwa ajili ya wale wa kucheka.

Sasa habari ya wavuvi, ambayo ndiyo tuliyoipenda zaidi. Mnawajua wale wa ziwani wanaotoka jioni na mitumbwi 3 iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa ndani, wanakwenda kutega sambaza. Wakipiga makasia wanaimba, na sauti inakuja juu ya maji hata uwaone ama usiwaone. Binti alishuka ufukoni alfajiri, akawarekodi wakirudi. Alituma rekodi akiwa na uhakika wa sifa. Na sifa alizipata: Yaya alinyamaza kidogo, akasema ni kitu kizuri kuliko vyote alivyomtumia. Halafu akauliza: walijua kwamba unawarekodi?

Hawakujua. Basi, akasema, huwezi kuitia katika kazi yoyote.

Binti alikasirika kuliko siku ya yule mtu wa dola 150. Kila mtu Bukavu anawasikia bure! Lakini sisi tulikuwa upande wa Yaya mara moja, bila kikao. Mmoja wetu anauza sambaza miaka mingi, anamjua kapita wa wale wavuvi. Angemtazamaje usoni siku wimbo wao ukisikika kwenye mchezo wa watu wa mbali? Tulishuka pamoja, wamama 3 na binti. Wavuvi kwanza walicheka, wakadhani tunaleta habari za kanisa. Kisha wakauliza maswali ya watu wazima: nani atausikia, nani atauza, je, mtabadilisha maneno? Tuliandika karatasi moja kwa Kiswahili. Watu 8, kila mmoja franka 5,000, mchezo ukiuzwa tunarudi kuzungumza, maneno hayabadilishwi. Wenye kuandika waliandika, wengine waliweka kidole. Kisha wakaimba tena, karibu na ufuko, kwa makusudi. Kapita alimwambia binti: "Ile ya kwanza tulikuwa tumechoka. Hii ndiyo yenyewe." Binti anasema ya kwanza ilikuwa bora kwa sauti. Lakini inayotumika ni ya pili.

Mwezi wa kwanza Yaya alimwingiza katika kitu kinachoitwa Global Game Jam. Kipo tangu mwaka 2009: vijana wa nchi nyingi wanapewa mada moja, na kwa saa 48 kila kundi linatengeneza mchezo mdogo. Alimwambia: mimi siwezi kukupa kazi, lakini unaofanya nao leo ndio watakaokuita kesho. Binti akaingia kundi la watu 4, mmoja Kinshasa, mmoja Lomé, mmoja Lyon. Usiku wa pili umeme ulikatika. Akahamia kwenye saluni ya mwenzetu mwenye jenereta, akamaliza hatua za matope chini ya kioo cha kusukia nywele. Mchezo wenyewe, tuseme ukweli, hatukuuelewa. Kuna ndoo ya maji, kuna mlima, basi. Ila tulivaa ekuteri kwa zamu, na mvua ilikuwa ni ya kwetu.

Baada ya hapo ndipo moto ulipowaka. Binti alimwambia mama yake anataka kuacha uuguzi.

Katibu ni mjane. Ada ya shule anailipa kwa kuuza mafuta ya mawese, kidumu kwa kidumu. Hakupiga kelele. Alingoja Alhamisi, akakaa somo lote, akauliza mwishoni, binti akitafsiri huku sauti inatetemeka: "Mama, wewe umemsikiliza miezi 5. Mtoto huyu ana maisha humo, au hana?"

Jibu la Yaya tumeligeuza sana vinywani mwetu. Alisema: masikio anayo, na anafanya kazi. Kuhusu maisha siwezi kuapa. Hata hapa kwetu, miaka hii ya karibuni, watu wenye ujuzi wa miaka mingi wameachishwa kazi kwenye studio. Mimi mwenyewe nilifanya kazi ya mgahawa miaka 4 kabla sauti haijanilisha. Na habari ya shule ni ya nyumba yenu, si ya kwangu.

Katibu hakufurahi. Alitaka ndiyo au hapana, kama daktari. Wengine kati yetu wanasema mlezi alikwepa: ukishakuwa na sauti juu ya mtoto, useme hadi mwisho. Wengine wanasema mtu ambaye angesema ndiyo kwa urahisi, huyo ndiye wa kuogopwa, maana si yeye atakayelipa ada wala kulala njaa. Hatujapatana. Sisi tunaoandika haya tunaegemea upande wa pili, lakini tunaona pia kwamba katibu alirudi nyumbani usiku ule na mzigo uleule aliokuja nao.

Walichoamua mama na binti ni hiki. Uuguzi unamalizika. Wiki za staji hospitalini hakuna kompyuta. Wiki nyingine, saa 2 mpaka saa 4 usiku ni za sauti, na hakuna mtu wa kumwita aje aoshe vyombo katika saa hizo, hata shangazi akija. Binti alilia tena. Kisha akaandika saa hizo kwenye karatasi na kuibandika ukutani, ili shangazi aone.

Miezi 6 imekwisha mwezi uliopita. Yaya ameongeza mingine 6, na akatoa agizo jipya: tafuta masikio mengine pia. Upande wa kuunganisha sauti na mchezo ndani ya Wwise, alisema, mimi si hodari, na hutakiwi kubaki na mipaka yangu. Kwa hiyo binti ameanza tena kuandika barua za mistari 5. Ametuma 3, hakuna jibu bado. Maswali 3 ya mama wa sanduku yako tayari yakimngoja atakayejibu.

Mwenye mtoto wa namna hii na amlete Jumamosi baada ya kikao, saa 9 ya mchana, nyumbani kwa katibu. Binti atawaonyesha ile barua na karatasi ya wavuvi. Mje na ekuteri zenu, kwa sababu tulizo nazo ni moja, na upande wa kushoto umekufa.